*TAMKO LA TAWI: TUJUE NANI ANAMILIKI LAINI ZETU*



Vijiweni tunabishana kila siku: huyu Voda, yule Yas, mwingine Airtel, Halotel au TTCL. Kila mtu anatetea bando lake, na ni haki yake. Wiki hii kamati inawaomba tubishane juu ya kilicho nyuma ya mabango: nani mwenye mali, na faida inaishia wapi?

*1. Mama na mtoto*

Mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Mwaka huohuo TTCL ikazaa kampuni ya simu za mkononi, Celtel Tanzania. Mwaka 2005 mtoto akatenganishwa na mama: mwekezaji akachukua asilimia 60 ya Celtel, Serikali 40. Mtoto huyo baadaye akaitwa Zain, na tangu 2010 anaitwa Airtel.

Pigeni hesabu. TTCL: Serikali 65, mwekezaji 35. Celtel: Serikali 40, mwekezaji 60. Kampuni mbili zinagombea mteja mmoja, wenye mali ni walewale. Mtu mwenye hisa katika maduka mawili ya mtaa mmoja, huku anapata 35 na kule 60, mzigo mzuri ataushusha wapi? Mtoto akanenepa, mama akakonda. Mwaka 2016 Serikali ikazinunua tena zile asilimia 35 kwa shilingi bilioni 14.9, wakati wengine walishajigawia soko la simu za mkononi.

*2. Timu mbili, refa mmoja*

Mwaka 2019, baada ya Rais Magufuli kuhoji umiliki wa Airtel, hisa za Serikali zilipanda kutoka 40 hadi 49. Lilikuwa jambo jema na tunalisema bila kigugumizi. Lakini leo Serikali ina TTCL yote, ina karibu nusu ya Airtel, na TCRA inayopuliza filimbi ni chombo chake. Hatumtuhumu refa. Tunasema mchezo wa namna hii lazima uchezwe mchana, watu wote wakiona.

*3. Na mwananchi?*

Mwaka 2016 Bunge liliagiza kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, shilingi 850 kwa hisa. Wengine hatujawaona. Hisa za Airtel Africa, kampuni mama, zinauzwa London na Lagos tangu 2019. Mama ntilie wa hapa kwetu anayenunua bando kila asubuhi hana pa kununua hata hisa moja ya Airtel Tanzania.

Wapo wanaosema umiliki hauna maana, muhimu mtandao ushike. Tunawajibu: mwenye mali ndiye anayeamua mnara ujengwe wapi, bei iwe ngapi na gawio liende kwa nani. Kampuni kushirikiana minara na kupita kwenye Mkongo wa Taifa ni jambo zuri, linapunguza gharama. Basi punguzo hilo lionekane kwenye bando, lisiishie kwenye vitabu vya wenye hisa.

*Tunadai:*

▪️ Gawio la Serikali kutoka Airtel na TTCL litangazwe kila mwaka kwa lugha ya kueleweka, pamoja na matumizi yake.
▪️ Serikali ieleze hadharani inavyozuia mgongano wa maslahi kati ya hisa zake na kazi ya TCRA.
▪️ Wananchi waelezwe kampuni kwa kampuni: nani ameingia sokoni, nani hajaingia, na kwa sababu gani.

Asiwepo wa kusema kelele zetu hazifiki. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka, wananchi walipaza sauti na Serikali ikazisitisha. Safari hii tusingoje bando lipande. Mkutano wa tawi ujao kila balozi aje na maoni ya watu wake juu ya madai haya matatu, tuyapeleke kata kwa maandishi.

Soma, jadili, sambaza.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Idara ya Uenezi*