Tusiisingizie Talaka

Wazee wenzangu hapa Mbinga wana wimbo mmoja. Wakimwona mtoto anazurura stendi siku ya shule husema, "Hayo ndiyo matunda ya talaka." Ukiwauliza talaka hizo zimetoka wapi, huitaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, eti ndiyo iliyowapa wanawake kiburi. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nimefundisha na kuongoza shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, milimani kwenye kahawa na kule ziwani, na nasema bila kuficha: huo ni uzushi.

Hebu tuitazame sheria yenyewe. Kwa kawaida haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani kudai talaka kama anayenunua chumvi dukani. Sharti kwanza shauri lipite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Kisha mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hapo ndipo huamuliwa watoto wakae na nani, nani awatunze, na mali iliyochumwa pamoja igawanywe vipi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo, ingawa mama huyo mwenyewe hakupata fungu alilolidai. Sasa nauliza: ni mtoto yupi wa stendi aliyeharibiwa na utaratibu huo? Wengi wao wazazi wao hawajauona hata kwa mbali!

Nilichokiona mimi ni kingine. Kahawa ikishauzwa, baba huenda mjini "kufuatilia malipo", harudi mpaka fedha iishe. Mwaka unaofuata harudi kabisa. Kule Liuli na Mbamba Bay, baba huvuka ziwa kwenda Malawi, akaoa huko. Hakuna talaka iliyotolewa. Katika rejesta yangu mtoto ana baba, tena majina yote matatu, lakini hana sare wala daftari. Au mama ndiye hufukuzwa. Kwetu Umatengo, katika kilimo cha ngoro, mwanamume hufyeka na kupanga majani, na mwanamke ndiye huyafukia kwa udongo. Mwanamke aliyefukia ngoro miaka ishirini huondoka na ndoo na khanga mbili, kwa kuwa shamba ni la ukoo wa mume. Hapo nako hakuna talaka. Amefungiwa mlango tu.

Wengine watasema heri wazazi wavumiliane kwa ajili ya watoto. Maneno hayo niliyasema mwenyewe. Niliwahi kuwa mjumbe wa baraza, katika kata ambayo sitaitaja. Akaja mama mmoja, jino limeng'oka, mtoto yuko mgongoni. Ilikuwa mara yake ya tatu. Tulimkaripia mumewe, tukawahubiria wote wawili juu ya subira, tukawarudisha nyumbani. Mimi niliyekuwa mwandishi nikaandika: "Wamepatana."

Binti yao mkubwa alikuwa darasa la sita shuleni kwangu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa baadhi ya walimu wangu. Baada ya hapo akaanza kusinzia darasani. Nilimchapa kwa kusinzia. Ni mwalimu wa kike aliyekuja kunieleza kuwa mtoto yule na mama yake walilala kwa zamu, mmoja akisikiliza mlango. Kabla ya mtihani wa darasa la saba alitoroka kwenda Songea kufanya kazi za ndani. Hatukumwona tena.

Sisemi talaka haiumi. Nimewaona watoto wakilia langoni siku ya kugawanywa. Lakini akija mama kama yule, baraza liandike kwamba limeshindwa, limpe hati yake, aende mahakamani akadai matunzo ya watoto. Wajumbe waache kuona aibu kuandika neno hilo, kana kwamba ndoa ile ni yao.

Juzi mzee mmoja aliniambia kuwa kwa maneno haya nitabomoa nyumba za watu. Nikamuuliza mwanawe wa kwanza, aliyezaa na mke wa awali, yuko wapi siku hizi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya kahawa.