Wataalamu wa kinga ya mwili: Tunawasomesha kwa pesa za nani?

Msomaji, huenda una mtoto, mpwa au jirani aliyemaliza shahada ya kwanza ya sayansi na sasa anasema anataka kurudi chuoni kusomea imunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili. Huenda pia wewe, kama wazazi wengi wa mjini, ulimwuliza, "Ukimaliza utakuwa daktari?" Akajibu la. Ukamwuliza tena, "Basi utaandikwa kazi na nani?" Hapo akanyamaza.

Swali lako si baya hata kidogo. Lakini leo ningependa tujiulize jingine: asiposoma yeye, ni nani atakayetuchunguzia damu yetu?

Wengi wetu tuliingia katika elimu hii kupitia mlango wa ukimwi bila kujua. CD4, ambayo siku hizi hata makanga wa matatu anaweza kukueleza, ni alama iliyo juu ya chembe nyeupe fulani za damu, zile zinazowaamuru wenzao kupambana na viini vya maradhi. Virusi vya ukimwi hutumia alama hiyo hiyo kama kitasa cha kufungulia mlango, kisha huziangamiza. Mwanafunzi wa imunolojia hujifunza kuhesabu chembe hizo, kuzitenganisha na kuzihoji. Huuliza kwa nini watoto wawili wa nyumba moja wanaumwa na mbu wale wale, mmoja akalazwa na malaria ya kufisha na mwenzake akaamka akicheza.

Na maswali mengine makubwa ya fani hii yameulizwa hapa hapa kwetu. Tangu 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Canada, waliwafuatilia wanawake wa mtaa wa Majengo waliokuwa wakijikimu kwa biashara ya ngono. Baadhi yao, licha ya kukutana na virusi mara nyingi, hawakuambukizwa miaka nenda miaka rudi. Damu yao ilionyesha kuwa chembe zao za kinga zilivitambua virusi. Kutokana na kazi hiyo ikabuniwa chanjo kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 2001 ikaanza kujaribiwa kwa watu waliojitolea jijini Nairobi, chini ya marehemu Profesa Job Bwayo na wenzake. Chanjo hiyo haikufua dafu. Kinga iliyoamsha ilikuwa hafifu. Hilo si aibu, ndivyo sayansi ilivyo.

Jambo la kusikitisha lilitokea kabla ya hapo. Mwaka 2000 ilibainika kwamba hataza ya chanjo hiyo ilikuwa imeandikishwa Uingereza bila watafiti wa Nairobi kuwamo. Zogo likazuka, na ikabidi yafanywe makubaliano mapya ya kuwashirikisha. Ninalikumbusha hili si kwa sababu ya chuki, bali kwa sababu Nairobi ilikuwa na watu wenye shahada na ujuzi wa kuweza kusimama na kusema, "Kazi hii ni yetu pia." Asiye na mtaalamu wake hata hajui kwamba amepunjwa.

Sasa tutazame maisha ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni, shahada ya uzamili ni miaka 2. Mwaka wa kwanza, wa kukaa darasani, haumsumbui sana. Kasheshe huanza na utafiti. Pendekezo lake lisomwe na wasimamizi, lipite idarani, lifike mbele ya kamati ya maadili, kisha apate leseni ya NACOSTI. Hayo yote yana maana, kwa kuwa damu ya watu si maji ya mferejini. Lakini akishapata vibali, anahitaji kingamwili za kupimia, nazo huagizwa Ulaya au Marekani katika vichupa vidogo vya bei ya kutisha, na sharti zisafiri zikiwa baridi. Zikikwama kwenye forodha ya uwanja wa ndege kwa siku kadhaa za joto, ndiyo basi. Sampuli zake nazo huwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Stima ikipotea usiku na jenereta ikakosa dizeli, kazi ya mwaka mzima huyeyuka kabla ya mlinzi kuamka. Ndiyo maana unamwona kijana wa watu ana miaka 4 au 5 chuoni na bado anakwambia "nakaribia".

Wanaomaliza upesi kwa kawaida ni wale waliobahatika kuingia katika mradi wa wafadhili. Mfadhili hununua kemikali, hulipa karo, hata nauli. Lakini mfadhili ndiye pia huchagua swali la kuulizwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwaka 2025 tuliona kwa macho yetu. Mwezi Januari serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio ya chanjo ya ukimwi ya muungano wa BRILLIANT, unaoongozwa na wanasayansi wa Afrika Kusini na kushirikisha nchi 8 za Afrika, yalikatizwa yakiwa karibu kuanza.

Utaniambia hospitali hazina dawa, na wewe unataka tuwalipie watu kuchungulia darubini? Nakujibu kwa mfano wa malaria. Chanjo ya RTS,S, iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, ilijaribiwa kwanza kwa watoto wa Kilifi, Siaya na Kombewa, na Wakenya walikuwa miongoni mwa waliosoma matokeo. Kisha kumbuka korona. Machi 2021 tulipokea shehena ya kwanza ya chanjo kutoka ng'ambo, na kabla mwezi haujaisha India ikafunga bomba la kuuza nje. Mwaka huo huo serikali ikaunda Taasisi ya Kenya BioVax ili tujitengenezee chanjo. Mwaka 2022 kampuni ya Moderna ikaahidi kujenga kiwanda hapa. Aprili 2024 ikasitisha mpango huo. Majengo yanaweza kukopewa. Mtu wa kupima kama chanjo imeamsha kinga humpati kwa mkopo wa miezi 6.

Na tukimpata, tunamwacha aende. Profesa Faith Osier, aliyesomea udaktari Nairobi na kutafiti malaria Kilifi, aliongoza muungano wa kimataifa wa vyama vya imunolojia kuanzia 2019 hadi 2022, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Profesa Thumbi Ndung'u alianza kama daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akawa bingwa wa ukimwi. (Wanaodharau udaktari wa ng'ombe wazingatie hapo.) Maabara za uprofesa wao wamezijenga nje ya Kenya.

Sheria tunayo. Ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa Hazina ya Utafiti kila mwaka. Hatujawahi kukaribia. Mbunge wako atakapokuja kuomba kura, pamoja na barabara na maji, mwulize hilo pia.

Lakini huyo kijana wako hawezi kungoja Bunge. Kabla hujauza shamba, mwambie akaulize idarani mambo haya: msimamizi wake amefikisha wanafunzi wangapi kwenye mahafali miaka ya karibuni? Kemikali zitanunuliwa na nani? Friza iko wapi, na ina jenereta? Jina lake litakuwa la ngapi kwenye makala yatakayochapishwa? Msimamizi mzuri hatakasirikia maswali hayo. Akikasirika, mwambie atafute mwingine kabla karo haijalipwa.