Nyimbo za Wazungu Gani?

Barazani kwetu Kibokoni kuna swali ambalo ni lazima niulizwe. Simu iko kando ya kikombe cha kahawa chungu, Ella Fitzgerald anaimba taratibu, na kama si rafiki niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, basi ni mzee anayepita kwenda isha: "Yakhe, wewe na hizi nyimbo za wazungu! Kwani umekosa za kwenu?"

Miaka mitatu nimekuwa nikilijibu kwa kicheko. Napunguza sauti, mazungumzo yanageukia mpira, yanaisha. Leo najibu kwa dhati, kwa sababu mwezi uliopita niliulizwa na mtu ambaye, kwa alilolifanya wiki hiyohiyo, hakuwa na uso wa kuniuliza. Nitamfikia. Tuanze na swali lenyewe.

Wazungu gani?

Ella alikuwa mtoto mweusi, mzaliwa wa Virginia, 1917. Mamake alimfia angali msichana mdogo, akabaki kuhangaika mitaa ya New York bila makao, mpaka usiku mmoja wa 1934 aliposhinda shindano la vipaji katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Irving Berlin alizaliwa Urusi mwaka 1888, Myahudi, na familia yake ikafika New York akiwa na miaka mitano. "White Christmas", ule wimbo unaopigwa supamaketi zetu kila Disemba mpaka tunaukinai, ni wa Myahudi huyo. George na Ira Gershwin walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Urusi. Babake Harold Arlen alikuwa mwimbaji wa sinagogi. Yaani mtoto alilelewa ndani ya sauti za ibada kama watoto wa hapa wanavyolelewa ndani ya maulidi.

Ukiwakusanya hao, unapata watu walioshuka bandarini na mafurushi yao, pamoja na wajukuu wa watu walioletwa kwa minyororo. Wakatengeneza nyimbo pamoja, kwa kupendana mara chache na kwa kuibiana mara nyingi. Mtu wa New York anaweza akashangaa kusikia hivyo. Lakini mtu wa Mombasa? Sisi tunaokula pilau, chapati, halwa na viazi karai katika siku moja na kusema vyote ni vya nyumbani? Sisi wa mji wa bandari ndio wa mwisho wanaofaa kushangaa.

Kuna mmoja namtaja kila nikibanwa. Paul Robeson. Mwaka 1928 aliimba "Ol' Man River" jukwaani London katika Show Boat, mchezo wa nyimbo wa Jerome Kern na Oscar Hammerstein. Kwa maneno yake ya asili, ule ni wimbo wa mtu mweusi aliyechoka, amekata tamaa, mto unampita. Robeson aliuimba hivyo miaka kadhaa, kisha akakataa. Akaanza kubadilisha maneno mwenyewe, mpaka yule mchovu akawa mtu anayeapa kupigana. Mtunzi hakufurahi. Robeson hakujali.

Na huyuhuyu Robeson, katika miaka ya 1930, alikaa chini London kujifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Filamu ya Sanders of the River ya 1935 aliicheza pamoja na mtu mmoja wa kutoka Kenya aliyepewa nafasi ndogo ya kuonekana tu: Jomo Kenyatta. Baadaye Robeson aliijutia filamu ile kwa jinsi ilivyoutukuza ukoloni. Mwaka 1950 serikali yake ikamnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake, akakaa nayo mbali miaka minane.

Sasa niambie. Mtu aliyejifunza lugha yangu kwa hiari yake, wakati wengine wetu tunaona aibu kuizungumza sawasawa mbele ya wakubwa ofisini, nikimsikiliza naitwa mzungu?

Haya, tuje kwenye "za kwetu".

Wanaponiambia za kwetu huwa wanamaanisha taarabu, na wakisema taarabu ya Mombasa wanamaanisha kwanza Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2014. Nampenda Bhalo kuliko wengi wanaonitajia jina lake. Lakini kila anayemjua anajua pia kwamba sehemu kubwa ya nyimbo zake ilikuwa tuni za filamu za Kihindi, zikavikwa maneno ya Kiswahili. Bibi yangu alikuwa akiimba mmoja wa nyimbo hizo jikoni. Nilipokuwa kidato cha pili niliikuta ile ya Kihindi kwenye intaneti, nikamkimbilia kama mtu aliyefichua wizi. Akanitazama, hakuacha hata kukuna nazi. "Naijua, mwanangu. Filamu niliiona Naaz. Wafikiri Bhalo alitaka kutuficha? Sote tulikuwa twaijua. Raha ilikuwa kuona atatia maneno gani."

Raha ilikuwa kuona atatia maneno gani. Sijasoma popote maelezo bora kuliko hayo kuhusu muziki wa mji huu. Watu walitoka Naaz, Regal au Majestic na tuni kichwani, na hawakungoja ruhusa ya mtu wa utamaduni. Zile filamu zilikuwa nini kama si michezo ya nyimbo, ndugu wa Show Boat, watu wakiacha kuzungumza katikati ya kisa na kuanza kuimba? Tuni ya Bombay ikatua Mombasa, ikasilimu, ikaozwa. Baada ya kizazi kimoja tunaiita "yetu", na ni kweli ni yetu. Basi kwa nini mlango ufungwe nyuma ya Mhindi? Nani alitangaza kwamba sikio la Mombasa limeshajaa?

Nimefika kwa mtu wangu sasa. Ni mjomba wangu. Namheshimu, namshika mkono, na mambo mengine ya nyumba sitayaanika. Lakini hili nitalisema. Bibi alipofariki aliacha sanduku la kanda. Kanda za kaseti, thelathini na saba, nimezihesabu. Mjomba alikuja kusafisha chumba, akakaa nasi barazani, akamsikia Ella, akanipa hotuba ndefu kuhusu vijana waliopoteza asili yao, akataja na chuo nilichokiacha, kana kwamba Ella ndiye aliyenifukuzisha. Siku ya tatu nilirudi nyumbani nikalikuta sanduku nje mlangoni, linangoja mkokoteni wa taka. "Ni vumbi tu hilo," alisema. "Mashine yenyewe ya kupigia iko wapi?"

Mtu aliyenilaumu kwa kusikiliza nyimbo za wengine alikuwa anazitupa za kwetu.

Niliziokoa. Nikaazima redio ya zamani, nikanunua kalamu za Bic za kuzungushia utepe. Kisiwa hiki kina chumvi hewani, na chumvi haina huruma. Kati ya kanda thelathini na saba, kumi na moja ndizo zinazocheza mpaka mwisho. Nyengine zimeota ukungu au zinalia kama paka. Kwenye zile nzima, kava nyingi zina jina la mwimbaji. Zingine zimeandikwa kwa mkono, "Arusi", basi. Jina la mtunzi wa maneno sikulikuta hata kwenye moja.

Na hapa ndipo nyimbo za "wazungu" zilipoanza kuniuma.

Taarabu ya hapa, kama nyimbo zile za Marekani, mara nyingi ina watu wawili: anayetunga na anayeimba. Ira aliandika maneno, George akatia muziki, Ella akaja na sauti. Hapa kwetu, Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka 1971, alitunga mashairi yaliyoimbwa na Bhalo. Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Lamu aliyeishi Mombasa, alimpa mashairi Zein l'Abdin, na udi wa Zein ukayabeba. Hata umbo linafanana kwa mbali. Wimbo wa kawaida wa Marekani ulikuwa na hatua 32: kifungu, kinarudiwa, kinakuja kipande cha kugeuza njia, kisha unarudi nyumbani. Shairi letu lina mizani kumi na sita kwa mshororo, mishororo minne kwa ubeti, na kituo kinachokurudisha palepale. Wote walijifunga kamba kwa makusudi, wakacheza ndani yake.

Tofauti ni hii. Kati ya 1956 na 1964 Ella alirekodi msururu wa albamu, na kila moja ikaitwa kwa jina la watunzi: Cole Porter, Rodgers na Hart, Duke Ellington, Irving Berlin, ndugu Gershwin, Harold Arlen, Jerome Kern, Johnny Mercer. Ile ya Gershwin peke yake ilikuwa santuri tano. Tazama kilichofanyika: mwimbaji mkubwa kuliko wote alisimama, akamwonyesha kidole mtu aliyekaa mezani na kalamu. Leo nikisikia mstari mmoja unaonipendeza, kwa dakika moja nitajua nani aliuandika, mwaka gani, na kwa mchezo upi. Maneno aliyokuwa akiimba bibi yangu jikoni, nusu kilomita kutoka Fort Jesus, nimewauliza watu wanane na sijui ni ya nani.

Najua jibu litakalokuja. Wenzetu walikuwa na pesa. Ni kweli. Watunzi wa Marekani walikuwa na chama chao cha kudai haki, ASCAP, tangu 1914. Oklahoma! ya 1943 haikuachwa iishie jukwaani: waimbaji walewale walipelekwa studio, na kampuni ya Decca ikauza sauti zao kwenye santuri. Na ni kweli pia kwamba mashine hiyo ilijengwa juu ya dhuluma nyingi. Wazungu walijipaka masizi usoni kuwaigiza weusi wakalipwa. Weusi wenyewe waliingilia mlango wa nyuma wa kumbi walizozijaza. Sina haja ya kuwatakasa. Kumpenda Ella hakuniondolei macho.

Lakini tusijifanye hatukuwa na kitu. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mwaka uleule Robeson alipokuwa jukwaani London. Hapa Mombasa duka la Assanand lilikuwa likitoa santuri kwa lebo yake, Mzuri. Mbwana Radio Service, hapahapa Mji wa Kale, ilijaza majumba kanda. Tulirekodi. Tulinunua. Tulichoshindwa ni kutunza na kuandika majina. Leo ukitaka mkusanyiko nadhifu wa taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, wenye maelezo yake, utaukuta katika msururu wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa. Wale "wazungu" ninaolaumiwa kwa ajili yao, kumbe ndio wamenitunzia bibi.

Gharama ya kutoandika majina tunaijua. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliitia "Malaika" kwenye albamu yao ya 1965, na albamu ikashinda Grammy mwaka uliofuata. Dunia nzima ikaimba Kiswahili. Na sisi mpaka leo tunabishana kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim. Ubishi huo haukuletwa na Wamarekani.

Kwa hivyo, kwa wote wanaopita barazani kwetu, jibu langu ni hili. Sijakosa za kwetu. Nilizikuta nje zikingoja mkokoteni. Na aliyenifundisha kuuliza "maneno haya ni ya nani?" ni yule mwanamke wa Virginia mnayetaka nimzime. Kabla yake nilimsikia Bhalo kama nisikiavyo adhana, kitu ambacho kipo tu, hakikutengenezwa na mtu. Baada yake nikaanza kumtafuta Ahmad Nassir ndani ya sauti ya Bhalo.

Mnaojali utamaduni, kuna kazi. Wanamuziki wa Mombasa wa rika langu, na mpo, nawasikia kwenye arusi: tuimbieni albamu nzima ya mashairi ya mtunzi mmoja, jina lake mbele kwa herufi kubwa kuliko lenu. Mwenye bibi aliye hai, kaa naye Ijumaa moja, mpigie wimbo, muulize nani aliutunga, andika. Mwenye sanduku, lisogeze mbali na dirisha la upande wa bahari.

Mimi nimeshaanza. Kanda kumi na moja ziko kwenye kompyuta. Juzi nilikuwa naipiga mmoja barazani, sauti ya mwanamke, nyuma yake vyombo vinagongana na mtoto analia. Mzee wa fimbo alipita, akasimama. Nikamwambia, "Shikamoo babu, unamjua huyu?" Akasikiliza ubeti mzima.

"Mwimbaji namjua," alisema. "Mtunzi ngoja nikaulize."

Bado namngojea. Nikingoja, nitamsikiliza Ella.