Waliokuja na kiberiti sasa walete mwalimu!

Ndugu msomaji, iwe umekaa kijiweni Musoma mjini au mwaloni Mugango, wimbo wa vigogo ni uleule: "Vijana, jiajirini!" Safari hii waulize: kwa ujuzi upi?

Mwaka 2018 serikali iliingia Ziwa Victoria na Operesheni Sangara. Nyavu haramu zikachomwa, faini zikatozwa. Sitetei kokoro; tukimaliza sangara wachanga leo, kesho tutavua maji. Lakini kijana aliyejua kuvua tu, moto ulipozimika alipewa nini mkononi?

Usidanganywe kwamba fedha hakuna. Ipo tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri huilipa serikalini kwa hesabu ya mishahara. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na bado ni mabilioni. Inaitwa ya ujuzi, lakini VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupata theluthi moja tu. Nyingine huenda kwingine, ikiwemo mikopo ya vyuo vikuu. Wa chuo kikuu asome, sawa. Mlalahoi wa darasa la saba je?

Utaambiwa chuo cha VETA kipo Musoma. Kweli kipo. Lakini mtu wa miaka 30, mwenye mke na watoto, atalipaje chumba na chakula mjini huku hafanyi kazi? Huyo anataka mafunzo mafupi ya jioni, palepale kijijini, kwenye madarasa ya shule ya msingi watoto wakishaondoka.

Na kazi ipo. Februari 2022 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama. Mabomba hutaka mafundi miaka yote. Muulize diwani wako: vijana wangapi wa Mugango wamefundishwa ufundi bomba? Muulize pia habari ya urasimishaji ujuzi, mpango wa serikali wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Fundi wetu wa injini za mitumbwi atapimwa lini?

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapo jirani, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alijua aliyepitwa na shule hajapitwa na akili.

Mkutano wa kijiji ukiitwa, usibaki kijiweni. Nenda, nyoosha mkono. Serikali iliyojua njia ya kufika mwaloni na kiberiti, isituambie imepotea njia inapotakiwa kuleta mwalimu wa ufundi.