Mutoto wa maternele anahitaji sakafu, si benchi

Vijana wenzetu wa Luberizi, tuambiane ukweli. Tangu 2019 serikali inasema shule ya msingi ya umma ni bure. Sawa. Lakini sheria ya elimu ya 2014 inataja pia maternele, ya miaka 3 mpaka 5, na hao wadogo bado mzigo ni wa wazazi. Mama akienda shambani, mutoto anabaki kuchezea kando ya barabara, malori yanapita.

Tunadai chumba kimoja tu: sakafu ya simenti yenye mikeka, madirisha mapana maana joto la Ruzizi tunalijua, rafu za kimo cha mutoto. Kona ya kujenga kwa vipande vya mbao, kona ya hadithi, kona ya kuhesabu vifuniko vya chupa.

Wengine banasema kucheza ni kupoteza wakati. Hapana! Mutoto anayepanga mbao anajifunza kupima. Anayengojea mupira anajifunza zamu.

Wakubwa wa shule, machefu, wazazi: mukijenga darasa la wadogo, muanze na sakafu. Maseremala na mafundi wa matofali tunao hapa. Sisi vijana tutapaka rangi.