Spea ya 504 imezaliwa Kalundu

Usidhani spea ikikosekana dukani gari limekufa. Njoo huku Kitui ujionee. Mzee wangu ana pikapu ya Peugeot 504, ukoo ule ule ulioshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Imebeba maembe, mbuzi na maharusi.

Juzi bushi ya stata iliisha. Ukiwasha, inakwaruza tu. Dukani nikaambiwa ninunue stata nzima. Nikaenda kwa fundi wa kerezo pale Kalundu. Bushi kuukuu hakuipima hata kidogo. Alipima shafti na tundu inamokaa, akasema, "Kilicholika kinadanganya." Akakereza kipande cha shaba, akakigonga kikaingia kwa kubana, halafu akasugua ndani polepole mpaka shafti ikazunguka kwa vidole viwili. Na alipotengeneza gasketi ya pampu ya maji, hakutumia hata makasi: aliilaza karatasi juu ya chuma, akagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo hadi umbo likajikata lenyewe.

Ndugu zetu wa Makueni, najua nanyi mna mafundi wa aina hii Wote na Emali. Neno moja tu: raba za breki na viungo vya usukani msichongeshe. Kwa miteremko ya Mbooni, hapo nunueni kitu halisi, hata mkingoja miezi. Stata ikigoma utasukuma gari. Breki zikigoma utasukumwa wewe.