Seva imewaka, lakini kazi bado haijarudi

“Mambo iko sawa, twendeni nyumbani.” Hakuna sentensi hatari kuliko hiyo katika kazi yetu, na mimi mwenyewe nimeisema.

Ninatunza seva mbili za kuhifadhia data katika ofisi moja mjini Isiolo. Ya kwanza inashika faili za uhasibu na picha za stakabadhi, ya pili barua pepe na faili za wafanyakazi. Diski zinafikiwa na zote mbili, kwa hivyo moja ikizima mwenzake anachukua kazi zote. Ijumaa moja stima ilipotea, betri ya akiba ya seva ya kwanza ikafa, na ya pili ikabeba kila kitu. Wafanyakazi hawakugundua. Bosi akanipongeza. Nikapanda boda hadi Chechelesi, nikalala fofofo.

Seva ya kwanza tuliiwasha kesho yake. Ikakaa siku kumi na tisa, taa za kijani, haifanyi lolote. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitayarishwa, faili moja ilichukua dakika nzima kufunguka. Watu wakalaumu intaneti, maana Kenya hii kila kitu ni intaneti.

Mwenye mkokoteni wa maji hapa mtaani angenicheka. Punda mmoja akiumia mguu, yule mwingine atavuta mitungi yote siku hiyo, sawa. Lakini mguu ukipona, nani humwacha akipumzika chini ya mti huku mwenzake akivuta peke yake? Ni sisi tuliosomea kompyuta tunaofanya hivyo.

Na si uvivu tu. Kurudisha kazi kwenye seva yake kunamaanisha kukatiza huduma kidogo, na hapo ndipo mabosi wengi hukataa: mbona uguse kitu kinachofanya kazi? Jibu langu ni kwamba hakifanyi kazi, kinavumilia. Tena ile seva iliyokaa bure haijajaribiwa. Ile inayohema ikianguka, mzigo wote utaiangukia mashine ambayo hakuna aliyehakikisha imepona. Na kuna hesabu ndogo ambayo wanunuzi huisahau: kama kila seva hutumia asilimia 60 ya nguvu zake siku ya kawaida, moja ikibaki peke yake inadaiwa 120. Haiwezi, bana.

Wengine husema basi mashine ijirudishe yenyewe. Mimi nakataa. Kama kilichoiangusha hakijatengenezwa, kazi zitarushwa huku na huku kama mpira, na kila mrusho ni nafasi ya kupoteza data. Tazama GitHub, ambako waandishi wa programu duniani huweka kazi zao. Tarehe 21 Oktoba 2018 mawasiliano kati ya vituo vyao vya mashariki mwa Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Mitambo ikahamisha yenyewe usimamizi wa hifadhidata hadi pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwingine hauna. Huduma ilisumbua kwa saa 24 na dakika 11, kwa sababu mafundi waliamua kutoharakisha, data iwe salama kwanza. Wale wana pesa na wataalamu. Sisi tuna mtu mmoja na simu yake.

Ndiyo maana nasema saa hii ya kurudisha kazi iandikwe kwenye ratiba, na fundi alipwe kwayo, badala ya kuombwa kama hisani. Tafuta kwanza kilichoangusha seva. Hakikisha data zote mbili zinalingana. Kisha hamisha huduma moja moja, ukianza na nyepesi, usiku watu wamelala, na uikodolee macho kila moja kabla ya kugusa inayofuata.

Mimi niliomba ruhusa mara tatu. Jumamosi usiku nikaanza na picha za stakabadhi, nikangoja nusu saa, halafu uhasibu. Safari hii hakuna aliyenipongeza. Jumatatu mhasibu aliniuliza kama tumehamia kampuni nyingine ya intaneti.